Kiota cha Nguzo Namba Kumi na Saba

Ahadi iliandikwa Vilnius, ghorofa ya tisa,
wino wa kijani, karatasi nzito:
viota vyote vishushwe kutoka juu ya nyaya
kabla korongo hawajarudi, mwezi Machi.
Ahadi ni deni, wasema.
Deni hili nalipa mimi, Vaidotas,
ndani ya kikapu cha kreni,
vidole vimekufa ganzi.

Kiota kina uzito wa ndama.
Nakipima kwa macho, kisha kwa mgongo:
vijiti, udongo, kamba za kufungia nyasi,
glavu moja, ya kushoto,
na chini kabisa mfupa wa chura, mweupe kama sindano.
Miaka ishirini ya ujenzi bila ramani,
bila kibali cha mtu.

Chini, Bi Domicele ameegemea lango.
Haniangalii mimi. Anaangalia kisiki.
Mwaka jana tulikata mwaloni wake
ili laini mpya ipite, ile ya kuuleta upepo
kutoka baharini hadi kwenye birika za mjini.
Tukampa miche mitatu, ukurasa wa arobaini na moja.
Miwili ilikauka Julai.
Wa tatu ameufunga kwa soksi
usitikiswe na upepo uleule.

"Korongo mmemjengea jukwaa la chuma," asema.
"Vizuri. Na aliyezoea kivuli?"

Ningemwambia makaa ya mawe yanazimwa,
ningemwambia gesi tuliyoitoa kwenye swichi,
isiyo na rangi wala harufu,
ambayo ikivuja leo itawakuta wajukuu wa wajukuu.
Ni kweli yote. Nimeyasoma.
Ila kweli nyingine haziteremki vizuri kutoka kwenye kreni.

Nikakaza bolti ya mwisho.
Glavu nikairudisha palepale, ubavuni mwa kiota;
huenda ndiyo alama yao ya nyumbani.
Nikashuka. Kigingi cha mche kilikuwa kimelegea,
nikakigongomea upya kwa nyundo ya kampuni,
kazi ambayo fomu haina kisanduku chake.

Tarehe ishirini na saba, simu.
Bi Domicele, bila salamu:
"Amekuja. Dume, peke yake.
Amelizunguka jukwaa lenu mara mbili,
akatua kwenye nguzo ya zamani."
Kimya. Nasikia birika likichemka kwake.
"Na kile kisiki msije mkaking'oa.
Ndicho kiti changu cha kumwangalia."