Kikapu cha Sita, Ngwazi

Ukungu haujaondoka. Bwawa linasikika tu:
vyura, na bata mmoja mwenye malalamiko.
Nimevaa sweta mbili, Julai haina utani.
Lusungu ananikabidhi kisahani cha njano.
"Shangazi, kishike kama kifuniko cha sufuria
unachotaka kumrushia mbwa mwizi."

Uwanja huu, anasema, ni wa wanaoanza.
Vikapu tisa vya chuma juu ya nguzo,
minyororo ikining'inia kama ndevu,
nyasi zimefyekwa, misindano imekaa mbali.
Ila maji yako kushoto,
kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho.

Cha kwanza nikarusha mara saba.
Cha pili, tisa.
Lusungu anaandika kwa penseli bila kucheka;
anatangulia hatua chache, ndipo mabega yanamtikisika.

Cha tatu, kisahani kikajishauri hewani
kikaenda kwa bata.
Akaja Kihwele, mlinzi, na ufito wenye ndoano.
"Usione haya, mama. Mchungaji wetu
nimemvulia viwili, Jumapili moja."

Cha nne na cha tano tuyaache.

Kwenye cha sita jua likatoboa,
na ng'ambo ya bwawa likatokea shamba,
matuta yale yale ya chai, kijani kimekatwa sawasawa,
miaka thelathini na mmoja ya kiuno changu.
Nilikuwa nimesharusha mara nne.
Zilibaki hatua kumi hivi.
Mkono ukakumbuka wenyewe:
majani mawili na chipukizi,
kisha juu ya bega, nyuma, bila kutazama,
na kapu la mgongoni halikukosa hata siku moja.

Nikamwambia Lusungu, sogea.
Nikakipa kikapu mgongo.
"Shangazi, hivyo sivyo—"
Nikatupa.

Kimya kidogo.
Halafu minyororo, chaa!
kama mizani ya karani ikipokea mzigo,
safari hii bila karani wa kunipunja kilo.

Bata akanyamaza. Kihwele akaangusha ufito.
Lusungu akaandika tano,
akaizungushia duara,
akabonyeza mpaka penseli ikavunjika ncha.

Cha saba nikarusha nikitazama mbele,
kama watu.
Mara nane.