Kipande cha Mbalu

Jumamosi Tanga, kiingilio elfu mbili, watoto nusu,
na mlangoni unavishwa aproni ya gunia.
"Leo hakuna kutazama," anasema kijana Kihiyo,
"leo makumbusho ni ya kushika."

Basi tukashika.
Baba yao alishika jiwe la kusagia, akasaga mtama
hadi jasho likamtiririka; unga ukajaa kijiko kimoja.
Mdogo alikanyaga udongo, akakandika ukuta,
akakandika na viatu vyangu.
Mbalu, miaka tisa, alikwenda moja kwa moja kwenye mkonge.

Jani moja, ubao, kisu butu.
Akaparaza. Maji ya kijani yakamchuruzika hadi kiwikoni,
yakamwasha, akacheka, akajikuna, akaparaza tena
mpaka nyuzi zikatokeza,
mvi zilizokuwa zimejificha ndani ya jani.
Akasokota pajani. Kamba ya shibiri mbili,
nene huku, nyembamba kule,
yake.

Kihiyo akapiga makofi, akachomoa kadi:
kipande, mfano wa vile vya zamani,
miraba thelathini, siku thelathini,
akagonga muhuri kwenye mraba wa kwanza, ta!
"Hongera, kibarua. Ukumbusho huo."

Mama yangu, Nyamizi, alikuwa benchini,
pochi mapajani, hajagusa kitu tangu tuingie.
Akanyoosha mkono: "Hebu."
Akakisogeza mbali, akakisogeza karibu,
akahesabu kwa ukucha.
"Zimebaki ishirini na tisa."

Tukacheka. Yeye pia, kidogo.
Kisha akainuka, akaokota jani,
akalipapasa kwa kidole gumba mpaka nchani.
"Mwiba umekwenda wapi?"
"Tumeukata, bibi. Usalama wa watoto."
Akaitikia kwa kichwa.
"Hapa ndipo baba alipoachia jicho," akasema,
kama mtu anayeonyesha alipoegesha baiskeli,
"kule Ngomeni. Na siku ile hawakuigongea muhuri,
maana hakumaliza mizigo."

Kihiyo alibaki ameshika muhuri wake.
Nyuma yetu familia nyingine ilikuwa inasubiri zamu.

Tulirudi Ngamiani kwa bajaji, kamba imefungwa kwenye usukani,
dereva ameiomba, amepewa.

Usiku Mbalu akalia, mikono inawasha.
Bibi akaja na mafuta ya nazi, akaketi ukingoni mwa kitanda,
akapaka kidole kimoja kimoja, taa imezimwa.
"Bibi, kesho siendi."
Akaendelea kupaka.
"Huendi," akasema. "Wewe huendi."