Historia Fupi ya Shule, Kama Ilivyoagizwa

Afisa Elimu Kata ameagiza ukurasa mmoja:
jina la shule, mwaka ilipoanzishwa,
idadi ya matundu ya vyoo, mafanikio.
Nimechonga penseli. Naandika.

Tulianzia ghalani, ghala la tumbaku,
nyuma ya stesheni, mji wa Tabora unakoishia
na mihogo inakoanzia.
Watoto arobaini na mmoja
wakasoma a, e, i, o, u kwa chafya.
Mpaka leo waliokuwamo mwaka ule
wakinusa tumbaku hukumbuka irabu.

Kengele ni kipande cha reli.
Msonde Kapela, fundi wa njia, alikileta begani
akasema kimeanguka chenyewe.
Hakuna aliyemuuliza reli huangukaje.

Matofali walifyatua wazazi, kila kaya mia mbili.
Moja la mama yangu lina alama ya kidole gumba,
ukutani mwa Darasa la Nne, chini ya dirisha.
Nafundisha humo.
Kila tukipaka chokaa, naliruka.

Kisha watoto wakazidi, kumbikumbi wa mvua ya kwanza:
mia na sitini chumba kimoja,
wa nyuma wakisoma migongo ya wa mbele.
Tukagawanywa: A na B.
Mstari wa mawe meupe ukapita katikati ya uwanja,
ukaacha goli moja huku, goli moja kule.
Walimu wakuu wawili, mihuri miwili, kisima kimoja.
Miaka ile A ilisoma asubuhi, B mchana,
na wanafunzi tuliwagawa kwa namba za rejista:
witiri huku, shufwa kule.

Ndivyo Kulwa alivyobaki A
na Doto akaenda B.
Nyamizi, mama yao, alikuja ofisini akasimama mlangoni:
"Mimi nilishindwa kuwazaa siku mbili tofauti.
Ninyi mmewatenga kwa kalamu."

Mafanikio.
Wasichana wa mpira wa pete walifika mkoa,
A na B timu moja,
maana viatu vilikuwa jozi saba: nne zetu, tatu zao.
Mizinga sita ya nyuki iko juu ya mninga wa mpakani.
A wakasema shina ni letu. B wakasema kivuli ni chetu.
Nyuki wakawauma wote.
Asali ikanunua mipira miwili na chaki.
Siku ya mahafali Mgalula alisahau ubeti wa ngonjera,
akaendelea na jedwali la saba kwa mahadhi yaleyale,
saba nane hamsini na sita, mkono kifuani,
na mgeni rasmi akapiga makofi.

Mahudhurio.
Kuna wiki tatu ambazo rejista zote mbili hazina kasoro.
Kwenye ukurasa wa Afisa, hilo linatosha.

Doto alikuwa amelazwa Kitete, homa haishuki.
Kulwa aliitika A asubuhi,
akageuza sweta, akaruka mawe,
akaitika B mchana.
Nilikuwa nafundisha hesabu pande zote, walimu hatutoshi.
Nikaletewa madaftari mawili, mwandiko mmoja,
makosa tofauti:
katika la pili alikosea pale ambapo Doto angekosea,
kuazima makumi na kusahau kurudisha.
Mtoto unaweza kumsahau sura.
Makosa yake huyasahau.
Nikasahihisha yote mawili kwa wino mwekundu
na sikumwambia mtu.

Doto alirudi Jumatatu, shingo imekuwa nyembamba.
Akafungua daftari, akapekua polepole,
akafika kwenye makosa yake
akacheka peke yake, kimya, mkono mdomoni.

Ukurasa unaisha.
Matundu ya vyoo: kumi na manne, mawili yametitia.
Changamoto: maji.
Nje mwenye zamu wa B amegonga reli,
na darasa langu, ambalo ni la A,
limeshasimama.