Chajitembeza

Saiba ya Maweni, Malindi, shilingi kumi ukurasa.
Zimebaki wiki tatu chuoni.
Umazi amefungua karatasi tupu:
"Haya, jisifu."

Nitajisifuje? Kwetu walinifunza
chema chajiuza,
kibaya ndicho kinachojitembeza.
Nazijua hatua saba za mauzo, nilipata A,
lakini hapo bidhaa ilikuwa sabuni.

"Uzoefu?"
Hakuna.
Anaacha kuchapa, ananigeukia na kiti chake kizima.
"Na lile duka la aiskrimu?
Misimu miwili ukizozana na Wataliano
kwa Kitaliano chao hadi chenji itimie?"
Ile ilikuwa karo tu, nasema.
"Karo ina miguu? Si ni wewe uliyesimama?"

Vidole vyake vishaondoka, mimi bado nabishana
na neno "hodari":
limenipwaya kama koti la kuazima.
Lifute, namwambia. Halifuti.

Printa yakohoa. Karatasi yatoka na joto,
jina langu juu, kubwa, halina haya.
Nikalipa, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni,
nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka
haikunjwi.

"Umazi, toa nyingine."
Kisha, kwa sauti nisiyoizoea:
"Toa tano."