Koti la Studio

Nje nimeandika kwa rangi ya bluu:
PASIPOTI DAKIKA TANO. HAKUNA KUKOPA.
Ndani kuna stuli, feni inayolalamika,
shuka jeupe la hospitali (usiulize nililipataje),
na msumari mmoja, na kwenye msumari, koti.

Koti jeusi la mtumba. Lilishonwa
kwa ajili ya mtu mnene wa nchi ya baridi.
Tandika hii hatuna mtu mnene kiasi hicho,
kwa hiyo ninavyo vibanio vya nguo, sita.
Nambana mteja mgongoni mpaka koti likubali.
Mbele bwana mkubwa, nyuma kamba ya kuanikia.
Kamera haina habari na mgongo.

Watu hukaa kwenye stuli kama wameitwa polisi.
Shingo inakaza, macho yanakuwa ya kitambulisho.
Siwaambii cheka.
Ukimwambia mtu cheka, anakuonyesha meno.
Nauliza: leo umekula nini?
Nauliza: yule anayekudai, bado anapita kwa mlango wa mbele?
Hapo uso unalegea, unarudi kwa mwenyewe,
nami nimeshasogeza shuka upande wa kushoto,
mwanga wa mlangoni umeligonga, unarudi laini
chini ya jicho, pale usingizi ulipochimba.
Inua kidevu. Kidogo. Hapo.

Siwatu muuza utumbo alitaka nimpe weupe.
Nikamwambia, dada, weusi wako unaushika mwanga,
weupe ungeumwaga tu.
Hakuniamini. Baada ya wiki akarudi
kuchukua nakala nne.

Wanasema picha zangu zinadanganya.
Sijamwongezea mtu kitu. Nasubiri.
Kila uso una dakika yake moja ya heri kwa siku,
na wengi huimalizia kwenye foleni ya maji.

Kihwelo alikuja Jumamosi, vumbi la saruji masikioni.
Mbeba mizigo wa Kariakoo, mabega hayalingani:
la kulia lilishuka na magunia ya miaka kumi na saba.
Nikamgeuza robo, bega likaenda nyuma,
likawa bega la mtu anayefikiri.
Vibanio vinne.
Aliitazama picha muda mrefu, akasema,
"Huyu angenikopesha."

Masika yalipoanza nikaitwa msibani, Yombo.
Picha yangu ilikuwa mezani, kando yake maua ya plastiki,
na watu wa Kariakoo wakipita mbele yake
wakimwamkia kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa.
Skola, mjane, akanivuta nyuma ya turubai.
"Fundi, nimepekua sanduku, nimepekua uvungu,
nimekwenda hadi kwa jirani anayetuazima pasi.
Lile koti aliliweka wapi?
Nataka alivae."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa la kweli.
Nikalimeza.
"Aliliacha kwangu," nikasema. "Kesho asubuhi nitalileta."

Mochwari, vijana walimvika, wakalivuta kwa chini,
upana wote wa yule mnene wa baridi
ukaingia mgongoni, ukalaliwa.
Halikuhitaji kibanio hata kimoja.
Nilisimama pale kama mshonaji.

Msumari sasa uko mtupu. Sijanunua jingine,
ingawa Karume marobota yanafunguliwa kila wiki
na kila wiki nasema nitakwenda.
Jana kaingia kijana, katazama ukutani.
"Koti liko wapi? Kaka yangu alipigwa nalo."
"Limepata mwenyewe."
Akaguna, akakaa na fulana yake
ya kampuni ya rangi, imetatuka kwapani,
akaubana mkono kuficha.
Nikasogeza shuka.
Umekula nini leo?
"Mihogo."
Ya wapi?
Akaanza kunieleza, na mkono, bila yeye kujua,
ukaachia.
Inua kidevu. Kidogo.