Usiombe Radhi

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, kule kusini ya mto Pangani,
nilikuwa napokea simu kama mtu aliyevunja sahani ya watu.
Samahani mama, mtandao kwetu hupatikana juu ya kichuguu tu.
Samahani, jenereta tunazima saa nne.
Samahani, mvua ikinyesha njia ni tope, na kivuko
kikiharibika mtalala ng'ambo.

Bwana Rustam akanisikia. Akavuta kiti.
Mwanamvua, akasema, usiombe radhi.
Yaseme hayo hayo, ila kwa fahari.

Basi nikajifunza fahari.
Hakuna mtandao, nikasema, taratibu,
kama mtu atajaye jina la marashi.
Hakuna taa. Hakuna muziki. Hakuna jirani.
Na kila "hakuna" niliyoitamka
bei ikapanda ngazi.

Nimewajua kwa wanavyochagua.
Hawaulizi shilingi ngapi; hilo huuliza dereva wao,
kwa niaba, akijikuna shingo.
Wao huuliza: nani mwingine atakuwepo?
Mama mmoja wa Masaki alifuta safari usiku wa manane
aliposikia kwamba mbia wake amewahi kulala chumba namba tatu;
hakutaka godoro lenye historia.
Mwingine alitaka ufuko usio na nyayo.
Semkiwa akawa anaamka alfajiri na reki,
anafuta nyayo za kaa,
anafuta na za mama yangu,
apitaye hapo kwenda kwenye mwani wake.

Na yule mzee mwenye mashamba ya katani,
siku ya kwanza alivua viatu, akakanyaga mchanga, akalia.
Sikucheka. Nilimpelekea taulo.
Siku ya pili nilimkuta juu ya kichuguu,
simu mbili, moja kila sikio,
akimfukuza mtu kazi.

Kisha nguzo zikaja.
Nguzo za umeme, zikalazwa kando ya njia
kama wagonjwa wanaongoja zamu.
Bwana Rustam akaandika barua kwa serikali ya kijiji,
na mimi ndiye niliyeipiga chapa:
kwamba wageni hufuata giza,
kwamba taa zisivuke ukuta wa zahanati,
kwamba yeye atachangia madawati arobaini.
Nilikosea neno "giza" mara mbili. Vidole vilikataa.

Mkutanoni ilisomwa, watu wakanyamaza.
Ndipo Mdoe, fundi wa kuchomelea,
ambaye mashine yake ina mwaka wa pili chini ya gunia,
akainua mkono:
Giza hilo, Mwenyekiti, tukiliuza,
tutapima kwa kilo au kwa pishi?
Tulicheka mpaka ajenda ikapotea.
Madawati yalipokelewa.
Nguzo bado zimelala.

Mwezi wa sita nikapata likizo yangu,
siku nne na bahasha nyembamba.
Nikaona na mimi nichague kitajiri:
niende kwenye kile nisichonacho.
Nikashukia Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
gesti ya ghorofa moja, rangi ya maziwa yaliyoganda.
Nikamwuliza mwenyewe: kuna kelele?

Akashika kifua.
Dada yangu, nisikufiche. Chini hapa kuna kinyozi na spika zake,
ubavuni mashine ya kusaga,
leo kuna mpira, watapiga mayowe mpaka usiku,
na hiyo taa ya barabarani inaingia chumbani yote,
pazia lenyewe fupi. Utaniwia radhi.

Usiombe radhi, nikamwambia.
Nikalipa siku zote nne, taslimu, sikuomba kupunguziwa.
Nikawasha feni. Nikawasha runinga.
Nikawasha taa ya chooni nikaacha mlango wazi,
nikajinyoosha katikati ya mwanga na makelele,
nikalala fofofo,
kama mwenye mali.