Saa Moja ya Nandukwe

"Huu ni mlima wa wanaoanza," alisema Mshamu,
akitazama viatu vyangu vya mtumba
ambavyo mwenyewe wa kwanza alikuwa dume la mtu.
Nimejaza soksi kwenye ncha. Nina miaka hamsini na sita,
karani wa mizani, chama cha msingi, Masuguru.
Nimepima korosho za watu misimu kumi na tisa,
na daktari wa Mangaka, aliponipima mimi,
aliandika neno moja tu kwenye cheti: atembee.

Basi natembea.

Njia inaanzia nyuma ya mashine ya kusaga,
inapita mikorosho iliyotoka kupuliziwa salfa,
kisha ardhi inaacha kuwa shamba, inakuwa jiwe.
Jiwe moja tu, mgongo wa kiboko aliyegoma kuamka.
Somoe katangulia, kandambili mkononi:
"Peku ndiyo dawa! Jiwe linakushika!"
Mimi halikunishika. Mimi nililishika jiwe
kwa viganja, kwa magoti,
na pale penye mwinuko wa mwisho, kwa jina la Mungu.

Nilipopumzika sitapataja pote.
Watoto wawili wachimba ming'oko walitupita,
wakapanda, wakashuka, wakatupita tena,
wakaniamkia mara zote mbili.

Mama hakuwahi kuja huku. "Mlima hauna muhogo," alisema,
na mjadala ukafungwa. Alikuwa na safari moja tu ya kusimulia
na hakuisimulia, ilimtoka vipande vipande, akiosha vyombo:
usiku wa vita, Ruvuma ikiwa magotini,
mimi mgongoni, nimenyonyeshwa hadi kulewa ili nisilie,
na mdogo wake, Mwanacha, aliyerudi kufuata sufuria.

Sufuria.

Kileleni hakuna kitu. Niseme kweli, nilitegemea kitu.
Kuna kigingi cha saruji cha wapima ramani, kona imebanduka,
kuna mavi ya pimbi, kuna upepo mwizi wa vilemba.
Chini, mto: mchanga mwingi kuliko maji,
kisha miti, moshi wa shamba, bati linalometa.
Upande wetu nako miti, moshi, bati.
Nilitafuta mstari. Kwenye ramani ya darasa la nne
ulikuwa mwekundu, niliuchora mwenyewe kwa rula.

Ndipo simu ikatetemeka kiunoni.
Ujumbe wa Kireno, eti nimekaribishwa.
"Mnara wa ng'ambo una nguvu, shangazi," Mshamu akacheka.
"Tazama na saa."
Ilikuwa tatu na nusu nilipokuwa nikiulaani mwinuko.
Sasa ilikuwa mbili na nusu.

Saa nzima ambayo sikuitolea jasho,
haikupanda mizani, haina makato.
Somoe aliitumia kulala chali.
Mshamu alitafuna korosho.
Mimi nilikaa nayo nikitazama ng'ambo,
kule ambako bado ni mapema,
ambako labda mtu anaweza kuifuata sufuria
na akarudi.
Jina lake kule huandikwa Muanacha, kwa u.
Nililiona hivyo mara moja, kwenye karatasi ya msafiri
aliyekuwa mtu mwingine kabisa, kijana, mwenye haraka.
Nililitamka kwa u, nikalitamka kwa w.
Upepo haukunisahihisha.

Hakuna aliyeniambia kwamba magoti huuliwa na kushuka.
Nilishuka kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwa mfalme,
na kwenye mikorosho simu ikatetemeka tena:
mtandao wetu umerudi, umechukua chake.
Saa tano na robo.

Kibarazani nilivua kiatu, nikatoa soksi,
nikamwaga changarawe kwenye kiganja, nikakipandisha na kukishusha
kama ninavyofanya kabla ya kuamini mizani.
Somoe akauliza, "Jumapili?"
Nikamwambia anigongee dirisha saa kumi na moja.
Ya huku.